Tani 720,000 hadi 250,000: shaba ya Zambia ilivyopotea

Mjadala wa madini ukianza huku kwetu, haupiti muda mrefu kabla mtu hajaitaja Zambia. Huyu atasema Kaunda alitaifisha, migodi ikafa. Yule atajibu kwamba wazungu waliikamua nchi, wakaondoka, kisha wakarudi kuinunua migodi ileile kwa bei ya kutupa. Kila mmoja ana ushahidi mkononi, ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi.

Hesabu hazina ubishi. Mwaka 1969 Zambia ilizalisha takriban tani 720,000 za shaba. Mwaka 2000 ilizalisha karibu tani 250,000. Katikati hapo hapakuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, wala mwamba haukuisha. Shaba iliyobaki chini ya miji ya migodi ya Chingola na Chililabombwe ilikuwa ya kuchimbwa kwa miongo mingi mbele. Tena kuna jirani wa kujilinganisha naye, ingawa yuko ng'ambo ya bahari. Chile mwaka 1970 ilikuwa ikizalisha karibu sawa na Zambia, tani 700,000 hivi. Mwaka 2000 Chile ilikuwa imepita tani milioni 4.5.

Na Chile nayo ilitaifisha, mwaka 1971, chini ya Salvador Allende. Jenerali Pinochet, aliyempindua na kuuza karibu kila kitu kingine, hakuirudisha ile migodi mikubwa kwa Wamarekani. Shirika la Codelco, linaloichimba, ni la serikali mpaka leo. Kwa hiyo anayesema utaifishaji peke yake ndio uliomaliza shaba ya Zambia ana deni la kutueleza habari ya Chile. Na anayesema mabepari peke yao, inabidi aeleze ile miaka ishirini na kitu ambayo migodi ilikuwa mikononi mwa Wazambia wenyewe, na tani zikazidi kushuka.

Mimi nadhani wote wanatafuta muuaji mahali ambapo hakuna maiti ya siku moja. Ili uone kilichotokea, itabidi kwanza tushuke shimoni.

Mgodi unakula nini

Ukiwa nje, unadhani kazi ya mgodi ni kutoa mbale, yaani mwamba wenye madini. Aliyefanya kazi chini anajua kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuufikia. Kwenye mgodi wa chini ya ardhi, kabla hujatoa tani moja ya mwamba wenye shaba, unachimba shimo la kushukia, kisha njia za mlalo kupita kwenye mwamba mtupu, njia za hewa, mabwawa ya kukusanyia maji, vyumba vya pampu. Mwamba wote huo unautoa, unaulipia baruti, umeme na mishahara, na hauuzi hata kilo yake. Kazi ya mwaka huu inakuandalia mbale utakaoutoa miaka miwili au mitatu ijayo.

Kwenye shimo la wazi, kama lile kubwa la Nchanga, ni hivyohivyo kwa sura nyingine. Kadiri unavyofuata shaba kwenda chini, ndivyo unavyolazimika kupanua kingo za shimo juu, na kuondoa tani nyingi za kifusi kwa kila tani ya mbale.

Sasa chukua meneja ambaye mwaka huu hana hela. Mashine za kuchoronga ni kumi, nne zinaandaa njia mpya na sita zinatoa mbale. Zikiharibika nne na vipuri havipo, atasimamisha zipi? Akisimamisha zile za mbale, simu itapigwa kutoka Lusaka kabla ya mwisho wa mwezi. Akisimamisha za maandalizi, hakuna atakayejua. Tani za mwaka huu zitatoka kama kawaida, gharama zitashuka, ripoti itapendeza. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu wachimbaji wanafika kwenye uso wa mwamba na nyuma yake hakuna kilichoandaliwa. Hapo tani zinaanza kushuka, na hata ukipata hela kesho yake, unahitaji miaka mingine mitatu kurudi ulipokuwa.

Huko ndiko kula mbegu. Na ukiijua tabia hiyo ya mgodi, historia yote ya shaba ya Zambia inasomeka vingine, kwa sababu walioila mbegu hawakuwa kundi moja.

Kabla ya Matero

Wakati wa uhuru, tarehe 24 Oktoba 1964, shaba ilikuwa mikononi mwa makampuni mawili: Anglo American na Roan Selection Trust. Mrabaha ulikuwa wa kampuni ya tatu, ile British South Africa Company ya Cecil Rhodes, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa ikipokea hela ya kila tani bila kuchimba hata futi moja. Serikali mpya iliuchukua mrabaha huo usiku wa kuamkia uhuru. Lakini kanuni yenyewe ilibaki palepale: asilimia 13.5 ya bei ya London, ukitoa pauni 8 kwa tani. Angalia ubaya wake. Mrabaha ulitozwa kwenye bei, haukujali gharama. Mgodi mkavu wenye mbale mnono na mgodi unaozama majini wenye mbale hafifu vililipa sawa. Makampuni yakawa yanasema hayafungui migodi mipya kwa sababu kodi ya namna hiyo haiwaachii kitu.

Mzee Kaunda hakukubali. Katika hotuba yake ya Mulungushi ya mwaka 1968 aliwalaumu kwamba wanagawana zaidi ya asilimia 80 ya faida kama gawio badala ya kuirudisha ardhini. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilisema kweli. Kodi ilikuwa mbovu, na makampuni, yaliyokuwa yakiona utaifishaji unakuja, hayakuwa na hamu ya kupanda shamba ambalo mwingine angelivuna. Ulaji wa mbegu ulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani, na ulianza enzi za watu binafsi.

Agosti 1969, huko Matero, kitongoji cha Lusaka, Kaunda akatangaza kwamba serikali inachukua asilimia 51. Kuanzia Januari 1970 ikawa hivyo, na mrabaha ukabadilishwa kuwa kodi inayokatwa kwenye faida, jambo ambalo makampuni yenyewe yalikuwa yakilitaka. Hisa zililipwa kwa hati za dhamana za miaka kadhaa, na wenye migodi wa zamani wakabaki kama mameneja wa kulipwa. Mwaka 1973 serikali ikaamua kuzilipa hati hizo zote kabla ya muda wake, kwa hela ya kukopa, ili ivunje mikataba ya umeneja. Kisiasa inaeleweka. Kwa mwenye kalamu na karatasi, ilikuwa ni kuchukua deni la gharama kubwa kulipa deni nafuu, mwaka mmoja kabla ya mvua ya mawe.

Katikati ya hayo, alfajiri ya tarehe 25 Septemba 1970, ardhi iliyokuwa imelegea juu ya machimbo ya Mufulira ilititia, na bwawa la topesumu, lile tope linalobaki shaba ikishatolewa, lililokuwa juu yake likamiminika chini wakati zamu ya usiku ikiwa kazini. Watu 89 walikufa. Mufulira ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya shaba ya chini ya ardhi duniani, na sehemu yake ilisimama kwa muda mrefu.

Nchi isiyo na bahari

Hapa ndipo habari inapotugusa sisi wa upande wa Tunduma.

Shaba ya Zambia ilikuwa ikishuka kwa reli kupitia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, hadi bandari za Msumbiji. Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi, na Zambia ikaanza kuhangaika na njia nyingine. Mafuta yalipanda kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, shaba ikashuka kwa malori hayohayo, kwenye barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi kiasi kwamba ilipewa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kilomita zipatazo 1,700 hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Januari 1973 Smith akafunga mpaka. Alipotaka kuufungua tena muda mfupi baadaye, Kaunda naye akakataa, akaendelea kuufunga kwa upande wake mpaka Oktoba 1978. Agosti 1975, vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, iliyokuwa njia ya magharibi.

Ikabaki TAZARA. Wachina walikuwa wameijenga kwa kasi ya ajabu, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, wakaikabidhi Julai 1976. Bila reli hiyo sijui Zambia ingepitia wapi. Ila nayo ilikuwa na yake: vichwa vya treni vya mwanzo vilipata taabu kwenye mlima kati ya Mlimba na Makambako, na bandari ya Dar ilikuwa imefurika. Shaba iliyokwisha kuyeyushwa na kusafishwa inakaa ikisubiri behewa. Shaba inayosubiri behewa haijalipwa, na migodi inadai mishahara kila mwezi.

Gharama ya msimamo huo dhidi ya Smith na makaburu haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu za migodi, lakini ilitoka humo. Anayemlaumu Kaunda kwa uendeshaji mbaya, na sababu za kumlaumu zipo, aiweke kwanza hiyo kwenye mizani.

Kisha bei. Aprili 1974 shaba ilifika kilele katika Soko la Metali la London. Kufikia mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Mafuta nayo, baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, yalikuwa yamepanda takriban mara nne, na mitambo ya migodi inakunywa mafuta. Zambia, Chile, Peru na Zaire zilikuwa na umoja wao tangu 1967, zikajaribu kubana uzalishaji ili bei ipande. Haikufaulu. Shaba si mafuta: hata bomba la shaba kuukuu linayeyushwa na kurudi sokoni, na mnunuzi akibanwa sana anahamia kwenye alumini au plastiki.

Shaba ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nje ya Zambia. Migodi iliyokuwa ikilisha hazina kwa karibu nusu ya mapato yake, kufikia mwaka 1977 ilikuwa haiingizi kitu. Serikali ikafanya ambalo wengi wangefanya: ikakopa, ikiamini bei itarudi mwakani. Haikurudi, si kwa kiwango cha kuaminika, kwa karibu miaka thelathini.

Tairi moja

Mwaka 1982 migodi yote iliunganishwa kuwa shirika moja, ZCCM. Watu hupenda kulicheka shirika hili kwa kuwa lilikuwa na kila kitu: hospitali, shule, mashamba, maji ya miji, timu za mpira, na mpaka leo wazee wa Copperbelt, mkoa wa migodi hiyo, wanakumbuka kwamba balbu ya nyumbani ikiungua kampuni ilikuletea nyingine. Mimi sicheki. Nyingi ya huduma hizo zilianza enzi za wakoloni kama namna ya kumshika mfanyakazi, na kwa mchimbaji zilikuwa sehemu ya mshahara wake. Tena ni asilimia ndogo ya hadithi.

Tatizo kubwa lilikuwa dola. ZCCM ndiyo iliyoingiza karibu fedha zote za kigeni za nchi, lakini hela hiyo haikukaa kwake. Iliingia Benki Kuu, na kutoka huko ikagawanywa: mafuta, mahindi, dawa, madeni ya nje, balozi. Migodi nayo ilipanga foleni kuomba sehemu ya hela iliyoitengeneza yenyewe. Na kwa miaka mingi kwacha iliwekwa juu kuliko thamani yake, hivyo kila dola ya shaba ilibadilishwa kwa kwacha chache, huku gharama za ndani zikipanda.

Hebu fikiria gari moja la kubebea mawe kwenye shimo la wazi. Tairi lake linamzidi mtu kimo na halitengenezwi Zambia. Likipasuka, unahitaji dola. Kibali kinachukua miezi, meli wiki kadhaa, bandari na reli wiki nyingine. Gari la bei kubwa limesimama kwa ajili ya tairi. Fundi anavua tairi la gari lingine lenye ubovu wa gia ili hili litembee, na kesho gia ya hili inahamia kule. Baada ya muda una uwanja wa mizoga na magari machache yanayofanya kazi ya yote, na hayo machache yanatumwa wapi? Kwenye mbale. Kifusi kinasubiri, na kingo za shimo hazipanuki tena.

Hivyo ndivyo mkopo, bei na kwacha vilivyogeuka kuwa tani zilizopotea. Hakuna aliyesaini karatasi ya kuua mgodi. Waliosaini, walisaini karatasi za mahindi, na mahindi yalihitajika: bei ya unga ilipopandishwa Desemba 1986, miji ya Copperbelt iliwaka, watu wakafa, na serikali ikarudi nyuma. Kiongozi anayechagua kati ya tairi la Nchanga na unga wa Kitwe wiki hiyo, najua atachagua nini. Tatizo ni kuchagua hivyohivyo kila wiki kwa miaka kumi na tano.

Utafutaji wa madini mapya ulidorora, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakukufunguliwa mgodi mpya mkubwa. Mafundi na wahandisi, wa kigeni kwanza kisha Wazambia wenyewe, wakafuata mishahara nje. Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe ukafungwa mwaka 1994. Risasi yake bado iko kwenye udongo wa mji na kwenye damu za watoto. Katika miaka ya 1990 Ukimwi nao ukaifagia miji ya migodi.

Ng'ambo ya mpaka, Zaire, shirika la Gécamines liliporomoka vibaya zaidi kwenye mwamba uleule, likiwa na Mobutu badala ya Kaunda. Sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto iliporomoka kweli, mawe na vumbi, Septemba 1990. Tofauti na Codelco ndiyo hii, kwa ninavyoiona mimi: huko pia serikali ilichukua mno kutoka kwa shirika lake, lakini Chile ilikuwa na bahari mlangoni, haikuwa na Smith wa kupambana naye, na baadaye ikaruhusu migodi mipya ya watu binafsi, kama Escondida wa mwaka 1990, ikue pembeni ya ule wa serikali. Zambia ilikuwa na kapu moja.

Kuuza mgonjwa akiwa mahututi

Mwaka 1991 Frederick Chiluba, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alimshinda Kaunda kwenye uchaguzi. Serikali yake iliahidi wahisani kubinafsisha, lakini migodi iliachwa mwisho kabisa. Mwaka 1997 kundi la makampuni lilitoa ofa kwa migodi ya Nkana na Nchanga. Wapatanishi wa Zambia wakaona ni ndogo, mazungumzo yakavunjika mwaka 1998. Wakati huo mgogoro wa fedha wa Asia ulikuwa umeangusha bei, na ZCCM ilikuwa ikisemekana kupoteza karibu dola milioni moja kwa siku. Kila mwezi wa kusubiri, mgonjwa aligharimu zaidi na alithaminiwa kidogo zaidi.

Mgodi wa Luanshya, uliouzwa mwaka 1997 kwa mnunuzi ambaye wachimbaji wenyewe walikuwa na shaka naye, ulikuwa chini ya mfilisi kufikia mwaka 2000. Mwaka huohuo Anglo American ilirudi kuchukua Konkola na Nchanga, na mwaka 2002 ikaondoka, ikisema haiwezi. Mikataba iliyobaki iliwapa wanunuzi mrabaha wa asilimia 0.6, kwa kuwa serikali iliyokuwa ikiuza haikuwa na nguvu ya kubishana. Ajira za migodini, zilizokuwa zaidi ya 60,000 katikati ya miaka ya 1970, zilibaki karibu 22,000 mwaka 2000. Timu za mpira, zahanati na mabomba ya maji viliachwa kwa halmashauri ambazo hazikuwa na hela.

Kisha, kuanzia mwaka 2003, China ikaanza kununua shaba kwa njaa ambayo soko lilikuwa halijawahi kuiona. Tani iliyokuwa ikiuzwa chini ya dola 1,500 mwaka 1999 ilipita dola 8,000 mwaka 2006. Zambia ilikuwa imeuza miaka mitatu mapema. Hapo hakuna njama, kuna bahati mbaya juu ya ucheleweshaji, ingawa huyo anayelalamikia bei ya kutupa hakosei.

Hela ilipoingia, tani zilirudi. Mwaka 2024 Zambia ilizalisha zaidi ya tani 800,000, kupita kilele cha zamani. Lakini tazama zinatoka wapi: sehemu kubwa ni Kansanshi, uliofufuliwa mwaka 2005, Lumwana wa mwaka 2008, na Sentinel wa Kalumbila, yote katika Mkoa wa Kaskazini-Magharibi, kwenye machimbo mapya. Copperbelt ya zamani bado inajivuta. Konkola umepita kwa mwenye hisa mmoja, ukawekwa chini ya mfilisi mwaka 2019, ukarudi kwa mwenye hisa yuleyule. Mopani, yenye Nkana na Mufulira, imekuwa ya Waswisi, ya serikali, na sasa ina wabia wa Falme za Kiarabu.

Huko Chililabombwe, Konkola ni miongoni mwa migodi yenye maji mengi kuliko yote duniani. Pampu zake hutoa zaidi ya mita za ujazo 300,000 kwa siku na kuyamwaga mtoni. Zinafanya hivyo mchana na usiku, mbale ukitoka au usipotoka, kwa sababu zikizimwa maji yanapanda na kuzifunika njia zote zilizochimbwa na wale waliotangulia. Umeme wa pampu hizo unalipiwa kila mwezi, yeyote yule anayeshika hati ya mgodi mwezi huo.